Chuma Kwenye Mchanga wa Itebero

Tarehe 3, mwezi wa saba. Muheto.

Jana tuligawa matokeo na kufunga shule. Leo Valens, binamu ya mume wangu, ameniletea mashini yake ya kutafuta madini. Ni fimbo ndefu yenye duara chini, kama kifuniko cha sufuria, na ukiipitisha juu ya chuma inalia. Aliinunua ili atajirike.

"Dada Emérita, kama chini iko chuma, italia," alisema. "Kama iko dhahabu, italia pia. Ile ya dhahabu mimi sijaisikia."

Naandika hapa kwa nini ninaichukua, maana watu wataniuliza, na mimi nikiulizwa ninachanganyikiwa. Mume wangu, Nsengimana, aliteremka Walikale na ng'ombe wa kuuza, sasa ni miaka miwili na miezi mitatu. Pale Itebero pirogi ilipinduka mtoni. Waliopotea ni wawili, yeye na mwanaume mmoja muuza chumvi. Maiti iliyopatikana ni moja, baada ya siku nne, na uso ulikuwa hautambulikani. Watu wa kule waliizika palepale kwenye mchanga. Simu ya kwanza ilisema ni Nsengimana. Simu ya pili ikasema hapana, ni mtu wa chumvi. Halafu mwaka jana mtu alisema amemwona Nsengimana huko Hombo, yuko na mwanamke, amenenepa.

Mama mkwe wangu, Mukagasana, ambaye namwita Mama tu, alishika hiyo habari ya Hombo. Amekataa tuondoe kilio. Bila mtu wa nyumba kuona kaburi na kuleta udongo wake, anasema, hakuna atakayenyolewa nywele za kilio wala mgeni atakayeitwa. Basi ninavaa nguo nyeusi kwa ajili ya mtu ambaye labda amenenepa.

Lakini kabla hatujaoana Nsengimana alianguka na pikipiki, na daktari akamfunga chuma kwenye mfupa wa paja la kushoto; tangu hapo alichechemea. Muuza chumvi, kwa tunavyojua, hakuwa nacho. Wazo hili lilinijia nikisahihisha mitihani ya hesabu. Nilipomwambia Mama, alifunika maziwa aliyokuwa anachuja na kusema, "Nenda basi. Utaona kwamba huko hakuna kitu."

Tarehe 5. Kibua.

Mimi na dereva wa pikipiki tumelala kwa katekista. Tairi imetoboka mara mbili. Kwenye kila barieri askari waliuliza mashini ni ya nini. Nilisema ni ya marehemu, wakaniacha.

Tarehe 7. Itebero.

Nimefikia kwa Mama Solange. Ana nyumba ya mbao ambamo wachunga ng'ombe wanalala wakipita. Nsengimana alikuwa akilala humu kila safari. Nilimwuliza alikuwa analala chumba gani, akanionyesha kwa kidevu tu; ndicho chumba alichonipa. Si mwongeaji. Aliitazama mashini muda mrefu, akaisogeza mbali na jiko kama mtu anavyomsogeza mtoto wa mwingine.

Joto ni jingi. Miti imeficha kila kitu, sijui jua linatokea wapi.

Tarehe 8.

Papa Elisée, mwenye pirogi ya kuvusha watu, ndiye aliyezika. Amenipeleka kwenye mchanga. Ni mkubwa kuliko nilivyofikiri, mweupe, umejikunja pamoja na mto, kama viwanja viwili vya mpira. Vijana wanauita Plaji. Siku za mwezi huu maji yakipungua, wanafunzi walio kwenye likizo wanacheza huko na wasichana wanafua.

"Tulimuzika hapa," alisema Papa Elisée. Akatembea hatua kama ishirini. "Ao hapa. Kulikuwa muti ulilala."

"Muti uko wapi?"

"Mto uliubeba. Huku mchanga haukae pahali pamoja, Madame. Mwaka huu Plaji, mwaka kesho samaki."

Nikamwuliza kama waliona alama ya kushonwa kwenye paja.

"Mutu wa maji, wa siku ine? Hatukumuangalia miguu. Tulimuweka haraka, tukaomba, tukaenda kunawa."

Huku aliyekufa maji haingizwi kijijini. Anazikwa karibu na pale alipotolewa. Kwetu tunazika nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, juu, ambapo maji hayafiki. Nilifikiri tu kwamba Nsengimana hakupenda hata kuloweka miguu.

Tarehe 9.

Vizibo vya bia ishirini na sita. Kijiko. Msumari.

Tarehe 10.

Mvua kutwa. Nimefua.

Tarehe 11.

Sahani mbili za bati, zote zimetobolewa katikati. Mtu anatoboaje sahani nzima? Nimezitupa kwenye rundo langu la takataka, karibu na kivuko.

Tarehe 13.

Baada ya misa wanaume walinizunguka kwa maneno.

"Madame, ukipata kilo moja usitusahau."

"Atatusahau. Watu wa milima banapenda ng'ombe tu."

"Hata ng'ombe anakulaka majani ya jirani. Tupe hata gramu."

Nilicheka nao kidogo. Nikawaeleza ninatafuta nini, na mmoja akasema hiyo ni akili, kutaja marehemu ili watu waogope kuja kuchimba. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama mimi mwenyewe ningeamini.

Tarehe 15.

Siku nzuri, kazi nyingi. Sufuria ndogo iliyotobolewa. Sahani yenye maua mekundu, nayo imetobolewa. Na karibu na mawe meusi mawili, kikombe cha kijani kina tundu chini. Hicho sikukitupa, kimenifaa: nachota mchanga wenye maji, maji yanavuja yenyewe, mchanga unabaki. Nimechimba nacho mashimo tisa.

Nilipofika nyumbani Mama Solange alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo. Aliona kikombe mkononi mwangu. Aliweka kisu chini, akaenda nyuma ya nyumba, hakurudi mpaka sombe ikaanza kukauka. Nadhani amechoka kukaa na mgeni.

Tarehe 16.

Hajanisalimia.

Tarehe 17.

Hajanisalimia. Chakula ameweka mezani, kingi kuliko kawaida. Simwelewi. Nsengimana alikuwa akisema mwanamke huyu ni mtu wa kucheka.

Tarehe 19.

Dereva mmoja wa pikipiki ametoka Hombo. Nilimwuliza bila kutaja jina: anamjua mwanaume wa kwetu Masisi, mrefu, anayechechemea?

"Namujua sana. Anauzaka maziwa ya unga."

"Anachechemea mguu gani?"

"Wa kuume." Akaangalia miguu yake mwenyewe, akafikiri. "Ao wa kushoto. Inategemea uko unamuangalia wapi."

"Bado yuko?"

"Alihama. Banasema Bunyakiri."

Nilipanda kilima nyuma ya kanisa, ambapo simu inashika, nikampigia Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Acha mchanga," alisema. "Fuata huyo." Sauti yake ilikuwa ya msichana. Nilishuka nikiwa sijui niende wapi. Kama ni yeye, nitamwambia nini nikimkuta anauza maziwa ya unga, yeye aliyekuwa akimtaja kila ng'ombe kwa jina la mama yake na la bibi yake? Hangeuza maziwa ya unga. Lakini pia sikujua kama hangefanya hivyo. Nimegundua kwamba kuna mambo mengi kumhusu ambayo nilikuwa nayajua sana, na sasa siyajui.

Tarehe 20 na 21.

Sikwenda popote.

Tarehe 22.

Nimerudi mchangani. Kipande cha jembe. Sahani, imetobolewa.

Tarehe 24.

Naandika polepole ili niandike yote.

Asubuhi nilikuta watu kwenye rundo langu, karibu na kivuko. Papa Elisée alikuwa amechuchumaa, ameshika ile sahani yenye maua mekundu, anaipangusa kwa shati lake. Wanawake wanne walisimama nyuma yake. Mama Solange alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Madame," alisema Papa Elisée, "hizi sahani ulizitoa wapi?"

"Chini. Mashini ililia, nikachimba. Ni takataka."

"Kwenu, mutu akikufa, sahani yake munaifanya nini?"

Nikasema tunaiosha, watoto wanaendelea kuitumia.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la swali jingine. Akanieleza. Huku sahani ya marehemu inatobolewa ili asiwepo wa kuitamani, inawekwa juu ya kaburi lake, mchanga unaifunika. Hakuna msalaba kwenye Plaji kwa sababu mto unabeba misalaba. Kinachobaki ni bati. Wenyewe wanajua: hatua ngapi toka kwenye mti fulani, hatua ngapi toka kwenye jiwe. Watu wa maji wa kijiji kizima wamelala humo, watoto wanachezea juu yao na hakuna ubaya, ndivyo wanavyopenda. Na mimi, kwa wiki mbili, nimewanyang'anya sahani zao na kuzitupa kwenye vizibo vya bia.

Nilisema sikujua. Maneno hayo yalikuwa madogo mno.

"Nilifikiri unajua," alisema Mama Solange. Ni mara ya kwanza kwa siku tisa aniambie kitu. "Nilifikiri wewe mwalimu, unajua, lakini unatafuta wako kwa nguvu hata ukipita juu ya wetu. Nikasema, nikimukemea nitakuwa namukemea mufiwa."

Kisha akachukua toka kwenye rundo sahani moja ya bati, ile ya kwanza kabisa, ya tarehe 11. "Hii ya bwana wangu. Alitokaka kuvua, mwaka wa ine sasa. Kila jioni uliporudi, nilipika na sehemu yake, nikaiweka mezani mbele yako, nikikungojea uniulize."

Nikaketi mchangani. Mmoja wa wanawake, bibi mwenye mkongojo, akasema, "Muache akae. Amechimba ya kutosha." Na mwingine, kwa sauti ya chini: "Mashini inajua chuma, haijui mutu." Walicheka kidogo, si kwa kunidhihaki, na mimi nikalia.

Nilidhani yameisha, lakini Papa Elisée alinyoosha mkono kuelekea kikombe cha kijani nilichokuwa nimekishika.

"Na hicho?"

"Hiki ninachotea mchanga."

Wakatazamana. Mama Solange ndiye aliyejibu. Maiti ile ya mgeni haikuwa na sahani Itebero. Na kaburi bila chombo cha chakula ni kama mtu aliyefukuzwa. Basi yeye alitoa nyumbani kwake kikombe ambacho Nsengimana alinywea chai kila alipolala kwake, akakitoboa kwa msumari, akawapa waliozika. Hakujua kama maiti ni ya Nsengimana. "Nilisema, kama siye, mwenye chumvi pia anakunywaka chai."

Nimekaa na kikombe hicho siku tisa. Nimekijaza na kukimimina mara mia na zaidi. Nimekifungia kwenye begi pamoja na sabuni yangu.

Tarehe 25.

Tumerudisha sahani. Waliamua hivyo: nizirudishe kwa mikono yangu, wenyewe wakisimama, na kila moja nitaje jina la mwenye nayo kwa sauti. Nilifungua daftari hili kutafuta nilizitoa wapi. Nimeandika "sahani mbili". Nimeandika "sahani, imetobolewa". Mimi, mwalimu ninayewakata watoto alama kwa jibu lisilo kamili.

Bibi mwenye mkongojo alipima hatua toka kwenye jiwe, akakosea, akaanza tena. Tatu zimepata mahali pake. Mbili hakuna aliyezijua, tumezifukia pamoja pembeni, na Papa Elisée amesema majina mawili aliyofikiri.

Mahali pa kikombe tu ndipo nilipoandika: mawe meusi mawili. Tulikwenda pale. Papa Elisée aliangalia mto juu na chini.

"Kikombe ni kitu chepesi," alisema. "Maji ya mvua yanasukuma chepesi, mutu anabaki. Usitafute hapa. Tafuta kule juu maji yanatoka."

"Umbali gani?"

"Ningejua, ningekuwa mto."

Tarehe 28.

Sasa Mama Solange anakuja nami. Anabeba koleo. Mashini ikilia, tunachimba kwa vidole kwanza, na tukigusa sahani tunafukia na kuomba msamaha kwa jina. Majina anayajua yote. Siku nzima tumefanya hatua thelathini tu.

Ameniambia Nsengimana alikuwa anakunywa chai akiwa amesimama mlangoni. Nyumbani hakufanya hivyo kamwe. Nimemwomba aniambie tena.

Tarehe 2, mwezi wa nane.

Kizibo.

Tarehe 4.

Kizibo. Ndoano ya samaki.

Tarehe 6.

Mama Solange anacheka kweli. Nilianguka ndani ya shimo langu mwenyewe, akasema, "Madame, bado, wakati wako haujafika."

Tarehe 9.

Kule juu mvua imeanza. Hapa hainyeshi, lakini maji yamebadilika rangi, na asubuhi jiwe moja jeusi lilikuwa limezama. Betri zinaisha. Tumenunua nyingine kwenye duka, ni mbovu, mashini inalia hata juu ya mguu wangu.

Nikiwa kilimani Mama amepiga. Anauliza kama nimekwenda Bunyakiri. Nimesema bado. Amekasirika. Nilimwona kuwa mgumu, nikakata simu kabla hajamaliza.

Tarehe 12.

Mvua.

Tarehe 13.

Mvua. Jiwe la pili limezama.

Tarehe 16.

Jua. Valens ametuma betri nzuri kwa dereva. Tumefanya sehemu ya juu karibu yote. Hakuna. Nilirudi nikiwa na furaha, na sikujua kwa nini. Nilimsaidia Mama Solange kutwanga badala ya kupumzika.

Tarehe 19.

Leo saa nne asubuhi, hatua sitini na mbili toka kwenye mawe meusi kuelekea juu ya mto, mashini imelia. Si kama kwenye kizibo, ambapo inalia kwa ghafla na kunyamaza. Hii ilikuwa sauti ya chini, ndefu. Niliipitisha huku na huku. Ililia kwa urefu wa mkono mmoja, ikanyamaza kandokando.

Mama Solange alikwenda kumwita Papa Elisée. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nasema moyoni: iwe jembe. Nilisema mara nyingi: iwe jembe. Na hapo ndipo nilipojisikia nikisema hivyo. Wiki sita nimewaambia watu wote natafuta mume wangu humu, na kila jioni nisipomkuta ndipo nilipokula vizuri. Nilitaka awe Bunyakiri. Anenepe, awe na huyo mwanamke, auze maziwa ya unga.

Papa Elisée aliuliza kama ninataka tuchimbe. "Udongo unaweza kuchukua hapa juu tu," alisema. "Hakuna atakayekuuliza."

Nikasema tuchimbe.

Walichimba wao, mimi nikitoa mchanga kwa mikono. Maji yalikuwa yanaingia shimoni. Kwenye kina kinachopita kiwiko kidogo, Papa Elisée alisimama, akavua kofia. Aliniachia nafasi. Nikaona mfupa mrefu, wa rangi ya chai, na juu yake chuma, kimelala sawasawa kama rula. Kilikuwa kisafi. Nilikigusa. Kulikuwa na matundu, na kwenye matundu vis, skrubu za daktari. Nilihesabu: tano.

Hatukumtoa. Mama Solange aliweka kikombe cha kijani mikononi mwangu, nikakiweka juu yake, tukafukia. Papa Elisée aliomba kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili nami niitikie. Nimechukua mchanga kiasi cha konzi mbili, nimeufunga kwenye kitambaa.

Baadaye nilipanda kilimani nyuma ya kanisa.

"Mama, nimemupata."

Nilisikia ng'ombe upande wake.

"Ulimuona?"

"Niliona chuma. Cha paja la kushoto. Na vis zake."

"Ngapi?"

"Tano."

"Daktari aliweka sita," alisema. "Mimi nilikuwa pale. Alinionyesha kwa vidole. Sita."

"Ndiyo, Mama. Nimepata tano."

"Zilikuwa sita, Emérita."

Aliisema tena mara ya tatu, pole pole. Nilijua anachofanya, maana asubuhi nilikuwa nimefanya vilevile. Mwaka mzima nilidhani ananinyima ruhusa. Kumbe tulikuwa tumeshika mlango mmoja, yeye ndani, mimi nje, ili kifo chake kisiingie.

"Mama," nikasema, "ni yeye."

Simu haikukatika. Nilisikia anapumua, na mtu nyuma yake akiuliza nani anapiga, na yeye hakumjibu. Kisha akaniuliza kama huko wananipa chakula. Nikamwambia wananipa, nimekula sombe na samaki, na kwamba mwenye nyumba ananipikia vizuri.